Mafumbo Ndani ya Miwani: Maswali ya Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Katika toleo lililopita tulieleza namna michezo ya mafumbo inavyochezwa kwa miwani ya uhalisia pepe, yaani ile miwani mikubwa inayofunika macho yote mawili na kumfanya mvaaji ajione yuko ndani ya chumba kilichochorwa na kompyuta, akishika vitu kwa mikono yake mwenyewe. Barua zilizofuata kutoka Mbeya, Iringa na Njombe zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua sita, na majina tumeyaacha.

*

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Uyole. Kaka yangu anayefanya kazi nje aliniletea miwani ya Meta Quest 2 alipokuja likizo. Nikicheza Cubism, ule mchezo wa kupanga vipande vya rangi ndani ya umbo, chai inapoa mezani sina habari. Lakini nikifungua mchezo mwingine wa mafumbo, ambao inabidi nitembee kwenye korido kwa kusukuma kijiti cha kontrola, yaani kile kishikio cha mkononi, haupiti muda natokwa na jasho, kichwa kinazunguka, na siku moja nilitapika. Mke wangu anasema nina presha. Je, tatizo ni langu, ni la miwani, au ni la mchezo?

Mwalimu, kupima presha hakuna hasara na mkeo amesema kwa nia njema, lakini dalili ulizozieleza zina chanzo kinachojulikana vizuri, nacho ni namna mchezo ule wa pili unavyokuhamisha kutoka mahali hadi mahali. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu myembamba yenye umbo la nusu duara, iliyojaa majimaji, ambayo hutambua kichwa kinapogeuka. Karibu nayo kuna vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa, ambavyo hutambua mwili unapoanza kwenda mbele, unaposimama, unapopanda au kushuka. Ubongo hulinganisha taarifa za sikio na za macho wakati wote, na hatujui kabisa kwamba kazi hiyo inaendelea mpaka taarifa hizo mbili zinapopingana. Unaposukuma kijiti na korido ikaanza kukujia, macho yanauambia ubongo kwamba unatembea, huku sikio likishikilia kwamba umekaa kwenye kiti chako Uyole. Ni yale yale yanayompata abiria anayesoma ujumbe kwenye simu wakati basi linapanda Kitonga, ila yamegeuzwa: kwake yeye sikio ndilo linalohisi kila kona na macho yanaona maandishi yaliyotulia, ilhali dereva, anayeiona kona kabla hajaifikia na ndiye anayekata usukani, hasumbuki hata kidogo.

Cubism, uliotoka mwaka 2020, haukusumbui kwa sababu hauhamishi chochote ambacho mwili wako haujakihamisha. Kipande kinageuka kwa kuwa kiganja chako kimegeuka, na umbo linasogea kwa kuwa umelishika na kulivuta. Hakuna ugomvi wa kuamua. Ndiyo maana kwa maoni yangu mafumbo ya kukaa kitini ndiyo mlango unaofaa kwa mtu yeyote anayeanza na miwani hii, na ni bahati mbaya kwamba watu wengi huonyeshwa kwanza michezo ya kuruka maghorofa na mbio za magari, wakatapika, wakaapa kutorudia.

Huo mchezo wa pili usiufute bado. Fungua sehemu yake ya mipangilio, utafute mambo matatu. La kwanza ni kuhama kwa kuruka, yaani unaelekeza kontrola mahali unapotaka kwenda, skrini inazimika kitambo kidogo, kisha unajikuta pale; ubongo hauoni mwendo, kwa hiyo hauna la kulalamikia. La pili ni kugeuka kwa mkato, nyuzi 30 au 45 kwa mara moja, badala ya kuzunguka taratibu. La tatu ni kivuli cha pembeni, ambacho hupunguza upana wa unachokiona wakati unasogea, kwa sababu ukingo wa macho ndio unaohisi mwendo kwa nguvu zaidi. Mchezo usio na hata kimoja kati ya hivyo, mpe mtu mwingine.

Kagua pia lenzi. Quest 2 ina nafasi tatu tu za umbali kati ya lenzi, milimita 58, 63 na 68, na huhamishwa kwa kuzishika na kuzisukuma kwa vidole. Simama mbele ya kioo, pima kwa rula umbali kutoka katikati ya mboni moja hadi katikati ya nyingine, kisha chagua nafasi iliyo karibu na kipimo chako, kwani lenzi zisipokaa sawa macho hufanya kazi ya ziada na kichwa huuma hata katika mchezo uliotulia. Kwa sababu hiyohiyo usilete fumbo karibu na pua ili ulichunguze. Picha za miwani hii zimewekwa zionekane kana kwamba ziko umbali mmoja usiobadilika, zaidi ya mita moja, kwa hiyo kipande kinapokaribia uso, macho mawili hugeukia ndani kukifuata huku ukali wa kuona ukitakiwa kubaki mbali, na mvutano huo ndio unaoleta uchovu ule wa nyuma ya macho. Kishike kwa mkono ulionyooka.

Wako wanaoshauri mtu avumilie mpaka mwili uzoee. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba wengi huzoea, ila huzoea kwa vipindi vifupi vinavyokoma kabla ya kichefuchefu, si kwa kukishinda. Ukilazimisha, itafika mahali harufu tu ya sponji ya miwani itakuchefua. Jasho la kwanza likitoka, vua, angalia nje ya dirisha, na usipande pikipiki mpaka kichwa kitulie kabisa.

*

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya. Rafiki yangu ana miwani na tunacheza The Room VR: A Dark Matter kwa zamu. Kwenye simu niliimaliza ile michezo ya awali bila shida, lakini humu nimekwama vibaya, na rafiki yangu anasema nikitumia vidokezo nimedanganya. Nifanyeje?

Marahaba. Anayenunua mchezo wa mafumbo ananunua kukwama, kwa hiyo mpaka hapo hela ya rafiki yako haijapotea.

Kwa wasioufahamu, mchezo huo ulitolewa mwaka 2020 na Fireproof Games ya Uingereza, na unakuweka London ya mwaka 1908, ukifuatilia kutoweka kwa mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri. Mbele yako kuna makasha, makabati na mitambo iliyofungana: ufunguo wa hili umefichwa ndani ya lile. Unahama kwa kuruka kutoka sehemu moja iliyopangwa hadi nyingine, jambo ambalo mwalimu wa Uyole atalifurahia.

Kinachowakwamisha waliotoka kwenye simu ni tabia ya simu yenyewe. Kwenye simu kasha linageuzwa kwa kidole na wewe umekaa palepale, hivyo umezoea kwamba kitu kinachokuhusu kitakuja mbele yako. Ndani ya miwani, mtengenezaji anajua kwamba una shingo, una mgongo na una magoti. Chora akilini kabati lenye droo iliyofunguka nusu. Ukiwa umesimama wima unaona mbao tupu ya ndani. Ukiinama na kuchungulia kutoka upande wa kushoto unaona kwamba chini ya ubao wa juu kuna mchoro. Ukipeleka mkono nyuma ya droo unakuta kitufe ambacho jicho halikukiona. Kabla hujasema umekwama, zunguka kila kasha kwa kichwa chako, juu, chini na nyuma, na ushike kila kinachoonekana kuwa na bawaba, skrubu au ufa. Kinachotikisika kidogo bila kufunguka ni cha maana kuliko kisichotikisika kabisa, kwa sababu kinakuambia kwamba kitafunguka, ila kuna kitu kingine kinakizuia. Halafu kumbuka ile lenzi maalumu ya mchezo inayoonyesha alama zisizoonekana kwa macho matupu. Wengi huivaa mara moja chumbani, hawaoni kitu, wakaisahau, ilhali alama nyingine haina maana mpaka uitazame ukiwa umesimama mahali fulani, ambapo vipande vyake vilivyotawanyika hukutana na kuwa umbo moja.

Likishindikana, orodhesha kwa sauti ulivyo navyo ambavyo havijapata kazi, na mashimo ambayo hayajapata kitu. Rafiki yako asikilize. Mara nyingi mtu anayesikiliza ndiye anayesema, "Mbona kile cha pembe tatu hukukijaribu kule nyuma?" Mkishindwa wote wawili, vueni miwani mkale, fumbo lililokataa jioni huweza kufunguka asubuhi.

Kuhusu vidokezo, mchezo wenyewe umeviweka, navyo huanza kwa mbali kabla ya kukaribia jibu. Soma kimoja tu, kisha rudi kwenye kasha. Udanganyifu, kama tunataka kutumia neno hilo, ni kutazama video ya mtu aliyekwisha kuumaliza, kwa kuwa baada ya hapo hubaki na fumbo bali na maelekezo ya kazi.

*

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kihesa, Iringa. Mwanangu wa pili ana miaka 9. Mjomba wake ana miwani hiyo na anataka kumzoesha michezo ya mafumbo, akisema itamkuza akili na kumwinua katika hesabu. Moyo wangu unasita. Ninyi mnasemaje?

Mama, moyo wako una sababu. Meta, kampuni inayotengeneza miwani ya Quest, inaruhusu watoto kuanzia miaka 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, utaratibu ulioanza mwaka 2023, kwani kabla ya hapo ilikuwa miaka 13. Sony, kwa miwani yake ya PlayStation VR2, imeweka miaka 12. Mwanao hajafika. Vifaa hivi vimetengenezwa kwa vichwa vya watu wazima: vina uzito wa karibu nusu kilo ulioegemea mbele, na umbali kati ya macho ya mtoto huwa mdogo kuliko nafasi ndogo kabisa ya lenzi.

Hilo la kumwinua katika hesabu ndilo ningependa mjomba alisikie vizuri. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Adrian Owen na wenzake uliohusisha watu wazima 11,430 waliofanya mazoezi ya ubongo kwenye kompyuta kwa wiki sita. Walizidi kuwa hodari katika mazoezi yaleyale waliyoyafanya, lakini uhodari huo haukuhamia kwenye majaribio mengine, hata yale yaliyofanana nayo. Na mwaka 2016 kampuni ya Marekani inayotengeneza michezo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya huko kuishtaki kwa kutangaza manufaa ambayo haikuwa na ushahidi wa kutosha kuyathibitisha. Fumbo ni burudani nzuri, na burudani haihitaji cheti cha daktari ili iruhusiwe nyumbani. Ila asiambiwe mtoto kwamba akipanga vipande atafaulu hesabu, maana hesabu za darasa la nne zinamsubiri palepale kwenye daftari.

Atakapotimiza miaka 10, mkiamua acheze, acheze ameketi, kwa vipindi vifupi, mtu mzima akiwepo, na picha ya anachokiona irushwe kwenye televisheni au simu ili muone wote. Watoto wengine, tofauti na watu wazima, hawasemi wakianza kuhisi kichefuchefu kwa kuogopa kunyang'anywa.

*

Huku Njombe mwezi wa sita na wa saba miwani inajaa ukungu kila nikiivaa, na umeme ukikatika usiku mchezo unasimama ingawa betri ina chaji. Nini dawa?

Ukungu unatokana na mvuke wa uso na pumzi yako kukutana na lenzi ya baridi. Usiivae ikiwa imetoka kwenye chumba cha baridi. Iwashe, iache mezani katika chumba mtakachokaa mpaka lenzi zipate joto la chumba, kisha ishike mbele ya uso kwa muda kabla ya kuibana, na ulegeze kidogo mkanda ili hewa ipite juu ya mashavu. Usiiweke karibu na jiko la mkaa. Betri yake ni ya lithiamu na haipendi joto kali, na moshi wa mkaa usioonekana ni hatari kwako wewe unayeketi humo umefunga macho na masikio. Usiianike dirishani pia: lenzi hukusanya mwanga wa jua, na dakika chache za jua la asubuhi zinatosha kuacha doa la kudumu kwenye skrini. Kufuta, kitambaa laini kikavu cha miwani ya macho kinatosha. Khanga na spiriti ziache.

Umeme ukikatika, kinachokosekana ni mwanga. Kamera zilizo nje ya miwani hutazama kuta, meza na mikono yako ili zijue ulipo, na gizani hazioni. Taa ya sola iliyoning'inizwa juu, isiyokumulika usoni, inatosha. Kioo kikubwa kikiwepo chumbani kifunike, kwa sababu kamera hudhani kuna chumba kingine ndani yake.

*

Nina mpango wa kufungua kibanda cha michezo hii karibu na soko la Mwanjelwa, watu walipie kucheza. Mafumbo yanalipa?

Kijana, kwa kibanda mafumbo marefu hayalipi, kwa sababu mteja mmoja anaweza kukaa nusu saa akitazama droo huku foleni ikiondoka. Chagua yale ya vipande vichache, yanayomalizika haraka. Kabla ya hapo soma masharti, maana mchezo ulionunuliwa kwa akaunti ya mtu binafsi kwa kawaida una leseni ya matumizi binafsi, na wapo watengenezaji wanaouza leseni tofauti kwa wenye biashara. Sponji ya usoni badili kwa kifuniko cha silikoni kinachofutika, ukifute baada ya kila mteja, na mwenye macho mekundu yanayotoa tongotongo umrudishe kwa heshima. Uliza kuhusu kifafa kabla hujamvisha mtu. Kiti kiwe cha miguu minne, kisicho na magurudumu.

*

Mimi ni seremala wa Mafinga. Jicho langu la kushoto lilipotea zamani kwa kibanzi cha mbao. Vijana wananiambia miwani hiyo inahitaji macho mawili, vinginevyo mtu haoni kina. Kuna mchezo wa kuunga vipande vya majengo ambao nimeuona kwa jirani na nimeupenda. Nisijisumbue?

Fundi, jisumbue. Vijana wamesema nusu ya ukweli: macho mawili huona picha mbili zilizotofautiana kidogo, na ubongo hupata kina kutokana na tofauti hiyo. Lakini hiyo ni njia moja tu. Unapopima ubao kwa jicho moja na kusogeza kichwa kidogo kulia na kushoto, kilicho karibu husogea zaidi kuliko kilicho mbali, na umekuwa ukikitumia kipimo hicho kazini miaka yote. Miwani hii hufuata kila mwendo wa kichwa na kuchora picha upya angalau mara 72 kwa sekunde, kwa hiyo kina hicho cha mwendo kinabaki kizima ndani yake, jambo ambalo filamu za sinema za pande tatu haziwezi, kwani mle ukisogeza kichwa picha haibadiliki.

Mchezo ulioueleza unaelekea kuwa Puzzling Places, uliotoka mwaka 2021. Majengo yake ni ya kweli: watu hupiga picha nyingi sana za jengo kutoka kila upande, kila picha ikiingiliana na inayofuata, kisha programu huzilinganisha na kuunda umbo kamili, ambalo hukatwa vipande. Teknolojia hiyo si ya mbali nasi. Mradi uitwao Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa leza na picha, na sioni kwa nini nguzo za Isimila au Boma la Iringa visipimwe vivyo hivyo na kijana mwenye kamera na subira. Vipande huonyesha rangi ya ukuta, vigae, ukingo wa dirisha, na viwili vinavyolingana vikikaribiana hushikana vyenyewe kwa mlio, hivyo hulazimiki kulenga kwa usahihi wa milimita. Utaangalia ukingo uliokatwa, uelekeo wa mistari na kivuli, yaani mambo ambayo wewe unayatazama kwenye kila ubao.

Unapoivaa, lenga lenzi ya kulia ikae sawa na jicho lako hata kama ya kushoto itakaa upande, kwa kuwa hiyo ya pili haina kazi. Weka vipande vyote upande wako wa kulia na mbele, usivitawanye kushoto ambako itakubidi ugeuze shingo kila mara na uzito ule. Anza na jengo la vipande 25. Na kwa kuwa jicho ulilobaki nalo ni moja, pumzika mapema kuliko jirani yako mwenye mawili. Likianza kuwasha au kutoa machozi, hifadhi jengo lilipofikia na uendelee kesho.